Friji Lililojibu Salama

Wifi yangu Fakhriya hapendi jina linaloficha. Paka wa ngazini kwetu watu wote wa jengo walimwita Malaika, kwa sababu ni mweupe. Fakhriya alimwita Mwizi. "Weupe wake haunihusu," alisema. "Nataka anayesikia jina ajue afunike samaki."

Ni dada wa mume wangu, Muaz. Tunakaa pamoja na mama mkwe ghorofa ya pili, jengo la zamani nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, na chini yetu lipo duka la dawa la Mzee Praful. Kule nyuma ya duka, baada ya maboksi, kuna chumba chembamba. Humo mzee alimwekea Fakhriya meza, feni na kompyuta, naye akamwandikia programu ya duka: dawa ipi imeingia, ipi imetoka, na friji kubwa la dawa linaendeleaje.

Friji lile lilikuwa letu pia, kwa namna yake. Mwanangu Anfal ana kisukari, kile cha watoto, cha sindano asubuhi na jioni. Friji letu la juu hufunguliwa na kila mwenye kiu, basi Mzee Praful akaniambia, "Mama Anfal, dawa ya mtoto ikae kwangu. Utachukua chupa moja moja." Rafu ya juu, upande wa kushoto, ilikuwa ya Anfal.

Mchana nilikuwa namshushia Fakhriya chakula, Anfal akinishika gauni. Ndivyo nilivyokuja kuijua kazi yake, mimi niliyeishia darasa la saba. Siku moja nilimkuta amemsimamisha Vivek, mpwa wa Mzee Praful, kijana aliyekuwa ametoka tu kumaliza chuo.

"'shughulikiaDawa'," Fakhriya akasoma kwenye kioo cha kompyuta. "Ndiyo nini hii?"

"Inashughulikia dawa, dada."

"Inazifanyaje? Inazihesabu? Inaziuza? Inazitupa?"

"Inazitazama, halafu zile zilizopitwa na muda inaziondoa."

"Basi sema. Iite ondoaZilizopitwaMuda."

"Jina refu hilo, dada! Vidole vitaniuma."

"Heri viume vidole vyako kuliko aumie mgonjwa wa watu."

Vivek akanigeukia na sahani yake mkononi. "Mama Anfal, hebu niambie ukweli. Huyu wifi yako anaandika programu au anafanya akika? Maana majina kila siku, na mbuzi simuoni."

Tulicheka mpaka Anfal naye akacheka, bila kujua cha kuchekea. Fakhriya hakucheka sana. Alinivuta kiti nikae.

"Wifi, ndani ya programu kuna kazi ndogondogo nyingi. Wenyewe tunaziita methodi. Kila moja ina jina, na ukitaja jina, kazi inafanyika. Sasa mwenzangu atakayekuja kesho hatafungua kila kazi aangalie tumboni mwake kuna nini. Atasoma jina, ataamini, ataita."

"Kama mimi ninavyosoma kibandiko cha chupa ya Anfal," nikasema.

"Hivyo hivyo. Hebu fikiri kibandiko kikidanganya."

Sikupenda kufikiri. Nikamfuta Anfal mdomo, nikapanda zangu juu.

Alikuwa na desturi yake katika kuzipa kazi majina, wala hakuivunja. Kazi ya kuuliza jina lake lilianza na "je", na jibu likawa ndiyo au hapana, hakuna la tatu: jeMlangoUkoWazi, jeUmemeUpo. Kazi ya kutenda ilianza na tendo lenyewe: fungaMauzo, tumaOnyo. Inayouliza hairuhusiwi kugusa kitu. Inayotenda haijifanyi kuwa inauliza. Maneno aliyashikanisha, kila neno jipya herufi kubwa, kama watoto wa shule walioshikana mikono kuvuka barabara.

Kazi moja tu haikufuata desturi hiyo, nayo ilikuwapo kabla Vivek hajaja.

Mwanzoni kabisa, programu ilipokuwa mpya, Mzee Praful aliwasha kompyuta asubuhi akakuta maandishi mekundu: MLANGO WA FRIJI UKO WAZI. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo tu, akausukuma ukafunga. Lakini mzee alikasirika.

"Binti, mimi nimetoka kuamka, hata chai sijanywa, kitu kinanifokea! Hata mtu anayeleta habari ya msiba anabisha hodi kwanza. Unamwuliza habari, anakwambia salama. Halafu ndiyo anasema: ila."

Sote tulicheka, kwa sababu ni kweli. Mimi baba yangu alipofariki, nilimpigia dada yangu simu, akaniuliza habari za huko, nikamjibu salama. Salama ilitoka yenyewe. Baba amelazwa chumba cha pili, nami nasema salama.

Fakhriya akamtengenezea mzee kazi yake peke yake, akaiita habari, basi, neno moja. Kila asubuhi mzee alibonyeza kitufe na kioo kikamwandikia: Salama, mzee. Kama kulikuwa na jambo, lilifuata kwa upole chini yake: Ila mlango uko wazi. Mzee alifurahi kama amepata mjukuu. Anfal naye akawa anasimama mbele ya friji anasema, "Friji, shikamoo!" na Mzee Praful anaitikia kwa sauti nzito, "Marahaba."

"Hii ya mzee tu," Fakhriya aliniambia tukipanda ngazi. "Jina lake halielezi chochote, nalijua. Nimemwekea kwa heshima."

Baadaye Fakhriya alipata kazi kwenye ofisi moja kule Posta. Akawa anatoka asubuhi na mkoba, viatu virefu mkononi, anavivalia chini ya ngazi. Programu ya duka ikabaki kwa Vivek, naye aliipenda, hakuna anayeweza kumsema. Alitaka friji likipata tatizo, simu yake ilie popote alipo. Siku aliyomaliza alituita tukaone. Alichomoa waya wa friji, simu ikapiga kelele. Akaurudisha, ikanyamaza.

"Mnaona? Sasa mjomba anaweza hata kusafiri," alisema.

Na mjomba alisafiri kweli. Macho yalikuwa yameingia ukungu, akaenda Mwanza kwa binti yake kufanyiwa upasuaji. Kompyuta ikawa haina wa kuisalimia asubuhi. Kisha Idd ikaingia, duka likafungwa, Vivek akaenda kwao Upanga.

Idd ile umeme ulikuwa na wazimu. Mara unakatika, mara unarudi kwa nguvu taa ya ngazini ikawaka nyeupe mpaka tunakinga macho. Kariakoo ilikuwa imenyamaza kwa namna isiyozoeleka, mageti yameshushwa, makaratasi yanajiburuta barabarani. Ndani ya ukimya huo nikawa nalisikia friji la chini. Nilikuwa nimelizoea: linaunguruma, linapumzika, linaunguruma. Siku zile halikupumzika. Nikimlaza Anfal mchana kwenye mkeka nilikuwa nausikia mtetemo kwenye sakafu, chini ya mgongo wake.

"Lile friji linafanya kazi kweli," nilimwambia Muaz.

"Ndiyo kazi yake," akasema, akageuka upande wa pili.

Kisha umeme ukakatika kutwa nzima, na mtetemo ukakatika. Nilipotoka kutupa taka nikaona maji yanatoka chini ya geti la duka. Yalikuwa membamba, yanafuata ufa wa sakafu mpaka kwenye mtaro. Mwizi alikuwa anayalamba. Jua likayakausha. Umeme uliporudi, friji likaanza tena kuunguruma na kupumzika kama zamani, nami nikaona mambo yamekaa sawa.

Vivek alipofungua duka, chupa yetu ya juu ilikuwa inaelekea kuisha. Nikashuka.

"Friji limevumilia umeme huu?" nikamwuliza.

"Mama Anfal, shika mwenyewe." Akautia mkono wangu ndani. Baridi nzuri. Akanionyesha simu. "Hata mara moja haijalia. Kimya kabisa."

Alinipa kiboksi kutoka rafu ya Anfal. Pembe zake zilikuwa laini na karatasi imefanya mawimbi, kama daftari lililonyeshewa likakauka. Nilikitazama. Chupa ndani ilikuwa safi, dawa nyeupe kama maji ya kunywa, tarehe bado mbali. Nikapanda nayo.

Siku ya kwanza Anfal alikunywa maji mengi, nikasema ni joto. Ya pili, jagi la mezani lilikuwa tupu kabla ya adhuhuri, na alikojoa kitandani, yeye aliyeacha zamani. Nikampima sukari kidoleni, namba iko juu. Nikampiga sindano yake. Nikapima tena jioni, imepanda zaidi.

"Halua hiyo," mama mkwe akasema. "Idd nzima kila anayeingia anamtia mtoto kitu mdomoni. Niliwaambia!"

Nikafungia halua kabatini. Nilimpigia simu nesi wa kliniki, akaniambia niongeze dawa kidogo, nimwangalie. Nikaongeza. Ilikuwa kama nampiga sindano ya maji. Mashavu ya Anfal yakaanza kuingia ndani. Alikaa mlangoni, kikombe mapajani, anawatazama watoto wa jirani wakicheza bila kuwaomba zamu.

Asubuhi iliyofuata Fakhriya alinipita ngazini, viatu mkononi, anakimbilia Posta.

"Wifi, Anfal hajambo?"

"Hajambo," nikasema, "ila maji..."

Alikuwa ameshafika chini. Nilisikia viatu vyake vinagonga kizingiti, kisha barabara.

Adhuhuri Anfal akatapika. Nilimwosha uso, nikamlaza, na hapo nikaona anavyopumua. Alikuwa anavuta pumzi ndefu, za haraka, kama aliyepanda ngazi zote akikimbia, na huku amelala. Pumzi yake ilinuka tamu, kama ndizi zilizoiva mno. Nilimwita, akafungua macho, hakunitazama mimi.

Simu ya Muaz haikupokelewa, dukani kwake kulikuwa na wateja. Nikampigia Fakhriya.

"Wifi, habari?"

"Salama," nikasema. Ilitoka yenyewe. "Ila Anfal anatapika, anapumua vibaya, na sindano haimwingii. Naichoma na haimwingii!"

Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Chupa ipi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Ya chini. Ya baada ya Idd."

"Kiboksi kikoje?"

"Kama kililowa kikakauka."

"Usimchome tena na hiyo. Mbebe, nenda hospitali sasa hivi, usingoje Muaz. Waambie dawa aliyokuwa akichomwa huenda iliganda. Sema hilo kwanza, wifi. Kabla ya salamu."

Nilimfunga Anfal kwa kanga mgongoni kama alipokuwa mchanga. Miguu yake ilinining'inia magotini. Alikuwa mwepesi. Mama mkwe alishuka mbele yangu hajavaa hata viatu, akasimama katikati ya barabara akazuia bajaji kwa mikono miwili.

Dada wa mapokezi akanyanyua kichwa. "Karibu mama, habari za..."

"Mtoto ana kisukari na dawa yake imekufa," nikasema.

Walimchukua kutoka mgongoni kwangu. Daktari alisema damu yake imechachuka, na kwamba wangempa maji na dawa nzima kwenye mshipa, polepole, na kwamba polepole hiyo lazima niivumilie. Nilimwuliza ataamka? Akasema tungojee. Nikakaa kwenye benchi, kanga tupu mapajani, bado ina joto lake.

Jua lilikuwa limeanza kushuka Fakhriya na Vivek walipokuja. Vivek alikuwa amepauka usoni. Hakukaa.

Walikuwa wamefungua friji lote. Kila kiboksi kilichokuwa nyuma na juu kilikuwa na mawimbi. Fakhriya alinieleza kwa sauti ya chini. Umeme uliporudi kwa nguvu ulikwamisha kifaa kinacholiambia friji lipumzike. Likapoza, likapoza, mpaka dawa zikawa barafu. Kisha umeme ulipokatika kutwa, kifaa kikajikwamua na barafu ikayeyuka. Na dawa hii ikiganda mara moja imekufa, hata ukiitazama kwenye mwanga haikuonyeshi kitu.

"Sasa simu ya Vivek?" nikauliza.

Fakhriya akajibu.

"Programu ilijua. Baridi ilipozidi ilijua. Lakini Vivek alipotengeneza onyo, alitafuta kazi inayosema friji linaendeleaje, akakuta habari. Akaiambia simu: uliza habari, jibu likianza na salama, nyamaza."

"Nililijaribu, dada," Vivek akasema. "Nilichomoa waya, simu ikalia."

"Ulipochomoa waya halikujibu chochote, ndiyo maana ililia. Umeme wa mtaa ulipokatika, kompyuta nayo ilizimika mpaka uliporudi, haikuwapo ya kuiliza simu. Likijibu, linaanza na salama. Siku zote linaanza na salama. Siku zile zote lilikuwa linasema: Salama, mzee. Ila baridi imezidi. Na hakuna aliyengoja ila."

"Nani Dar anangojea kuambiwa baridi imezidi!" Vivek alisema, karibu alie. Kisha akamtazama. "Dada, mimi uliniandama kwa majina mpaka nikaota. Hii kwa nini uliiita habari?"

Fakhriya aliuvuta mkoba wake karibu.

"Nilitaka mzee afurahi," alisema.

Nyuma ya pazia mashine ya Anfal ilikuwa inalia taratibu, nami nilikuwa naihofia kila ikinyamaza katikati. Fakhriya alitoa laptopu mkobani, akaiweka magotini pale pale kwenye benchi la hospitali, watu wanatupita na mabeseni. Nilimwona akiifuta ile habari. Mahali pake akaandika jeBaridiImezidi, kisha jeBaridiImepungua, kisha akaenda kwenye onyo la Vivek na kulifunga upya kwenye hayo mawili. Alikosea, akafuta, akaandika tena.

Simu yake ikaita. Mzee Praful, kutoka Mwanza, bado ana bandeji jichoni.

"Binti yangu! Habari za huko?"

Sauti yake ya furaha tuliisikia sote. Fakhriya alifumba macho.

"Mzee, dawa zote za friji zimekufa," alisema. "Na Anfal yuko hospitali kwa dawa yetu."



Anfal aliamka kesho yake asubuhi. Aliomba maji, nami nikalia kwa woga, mpaka nesi akaniambia hii ni kiu ya kawaida, mama, mpe kidogo. Alirudi nyumbani amekonda, shingo kama kijiti. Sasa ana friji lake dogo chumbani kwetu, ufunguo uko shingoni mwangu. Halisalimii tena friji lolote. Fakhriya akitaka kwenda kazini husimama mlangoni kwanza, viatu mkononi, ananiuliza, "Je, amekojoa kitandani?" na hashuki mpaka nimesema ndiyo au hapana. Mwanzoni mama mkwe aliona ni utovu wa adabu, mtu kuingia bila hata habari ya asubuhi. Sasa hasemi.

Vivek aliyapigia simu maduka yote yaliyochukua dawa kwa jumla asubuhi ile ya kufungua. Yote yamerudisha. Zimebaki chupa mbili tu. Zilinunuliwa dukani palepale na baba mmoja mwenye chupa ya chai ya bluu, aliyeweka barafu ndani yake ili dawa isiharibike njiani. Alisema ni za mama yake, Kigamboni, na kwamba anawahi pantoni. Vivek hakumwuliza jina. Alimfungia vizuri, akamtakia safari njema.

Kila jioni akifunga duka Vivek huenda Magogoni. Husimama pale watu wanapomiminika kutoka kwenye pantoni, anawatazama mikono. Akirudi hutupitia ngazini, na Fakhriya huwa ameshamsikia, ameshafungua mlango.

"Je, umemwona?"

"Hapana."

Fakhriya husubiri kidogo, kama kuna neno jingine linakuja nyuma ya hilo. Halafu hufunga mlango.